Nakala Mia Tatu

Chombo changu cha anga kilitua Mwanjelwa
Jumamosi, kati ya viazi vya Uporoto
na mama auzaye makoti ya mtumba.
Nakala mia tatu, mbichi bado kwa gundi,
na mchapaji wa Soweto kanipindulia jalada:
roketi inachungulia chini, inadondoka.
"Watadhani ndiyo sayansi yenyewe," alisema,
akanipunguzia elfu kumi.

Miaka sita niliiandika jikoni,
soksi mbili mguuni, jiko la mkaa chini ya meza,
baridi ya Uyole ikiganda hadi kwenye kalamu.
Mchana nafundisha darasa la saba:
nyenzo, roda, mteremko, mvutano wa dunia.
Usiku mvutano ule ule nauondoa
watu wangu wapae.

Ipyana, mume wangu, hasomi riwaya.
Kila alfajiri akimimina chai ataniuliza:
"Wamefika?"
"Bado. Injini imegoma."
"Basi wanywe chai kwanza."

Redioni nilipewa dakika saba, baada ya bei ya mahindi.
Mtangazaji akauliza, hao viumbe ni majini?
Nikasema hapana.
Akauliza, mwandishi umeokoka?
Nikasema ndiyo.
"Haya wasikilizaji, mmemsikia wenyewe,"
likaingia tangazo la mbolea.

Mchungaji Mwakalinga alichukua nakala moja
aisome kabla ya kuikemea.
Jumapili tatu zikapita, hajakemea.
Ya nne akanivuta kando, nyuma ya choo cha kanisa:
"Yule rubani," akanong'ona, "anapona?"

Mama Sekela wa viazi ndiye mhasibu wangu.
"Leo mimi magunia manne, wewe vitabu viwili.
Lakini chako hakichipui."

Kisha nikaalikwa Mbozi, kwenye kimondo,
niongee na wanafunzi waliokuja kukiona.
Nikasimama kando ya chuma kile kilichotoka juu
bila mwandishi, bila mchapaji,
bila mtu wa kukitangaza, na watu wanakijia kwa mabasi.
Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri.
Binti mmoja akanyoosha mkono, Jestina Simkoko,
sweta limechanika kiwiko:

"Ni mwaka elfu mbili mia moja na tisini.
Watu wana miji mwezini.
Mbona ukurasa wa arobaini
mama yule bado amebeba ndoo?"

Wenzake wakaangua kicheko.
Nikasema jambo juu ya ishara, juu ya fasihi.
Akaliandika jibu langu kwa adabu, polepole,
kama mtu anayeandika namba ya gari lililomgonga.

Nyumbani maji hayajatoka tangu Jumanne.
Nikaenda kwa jirani, nikarudi na yangu kichwani,
bega moja limelowa,
nikaketi kumfutia yule mama ya kwake.
Nikampa bomba. Nikaandika: *akafungua, maji yakatoka.*
Nikasoma tena.
Sikumwamini.
Mimi, niliyekunja mwanga kama kitenge
na kuvuka nacho nyota kumi na moja,
nilishindwa na bomba la nusu inchi.

Nikairudisha ndoo. Usiku wa pili nikaitoa.
Usiku wa tatu nikaanza kitabu kingine,
na chote kinaanzia kwenye mtaro:
nani anauchimba, nani anatia sahihi,
nani anauza viungio gizani.
Roketi haitokei hadi sura ya tisa,
na hapo inapita tu, wachimbaji wanainua vichwa,
wanarudi kwenye sululu.

"Wamefika?" anauliza Ipyana.
"Wako kwenye tangi. Wanagombea spana."
Ananitazama muda mrefu kuliko kawaida.
"Hao sasa nawajua," anasema, na hamimini chai.

Uvunguni zimebaki nakala mia mbili na kumi na moja.
Moja nimeitenga, itakwenda Mbozi na mwalimu Nzowa.
Jina la Jestina nimeliandika ndani.
Nje, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia,
nimechora mshale kandokando ya roketi:
*huku ndiko juu.*